Mkuki Namba Arobaini na Moja

Tulimzika Bwana Isabirye Jumamosi, na watu hawajamaliza hata kunawa mikono, mpwa wake alinivuta hadi chini ya turubai akanitambulisha kwa wageni waliotoka Kampala: "Huyu ndiye Hajati Sauda, yule wa mikuki." Wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akanisogezea kiti. Wa mikuki. Zaidi ya miaka thelathini nimeitwa hivyo hapa Jinja, na nakiri jina hilo linanipendeza kuliko Hajati. Watu huniletea visu vilivyofungwa kwenye magunia, ngao zilizotafunwa na panya, njuga, vigoda, na swali ni lile lile: hiki ni cha kina nani, kimetoka wapi, nani alikitengeneza? Mara nyingi ninalo jibu. Pale msibani, nikiwa na sahani mapajani na wazee nyuma yangu wakisimulia jinsi marehemu alivyokuwa mkali, msichana mmoja wa chuo kikuu aliniuliza nilisomea wapi kazi hii. Nikamwambia nilisomeshwa na huyo tuliyetoka kumfukia. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Nusu ya pili sikuona vizuri kuisema karibu na kaburi: nilijifunza kwa kumbishia, na siku niliyomshinda ndiyo siku aliyoanza kunipenda.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za ukoo wangu nitaziruka. Kila mtu ana zake, na zangu hazina utamu wa pekee. Nianzie ghalani. Lilikuwa ghala la zamani la kahawa, nyuma ya reli, lenye mabati yaliyoota kutu na madirisha ya juu sana ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua. Ndani mlinuka ngozi kuukuu, mafuta ya taa na popo. Mnunuzi wa kahawa aliyelimiliki alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alikokwenda kununua kahawa au kutembea tu, Mbale, Kapchorwa, hata juu Karamoja, alirudi na mkuki au ngao, na karani wake akaviandika kwenye daftari. Alipoondoka nchini vitu vikabaki. Miaka ikapita, na mwishowe chama kidogo cha wapenda mila wa mjini kikalikodi ghala lile na kumkabidhi funguo Bwana Isabirye, mwalimu mkuu mstaafu, ili alifanye jumba la maonyesho. Mimi niliajiriwa kuandika kadi. Kila kitu kilitakiwa kiwe na kadi yake: ni nini, kimetengenezwa na nani, kimetoka wapi. Mwisho wa mwaka kadi zote zingechapishwa kitabu, na Bwana Isabirye alikuwa akisema kwamba kikishachapishwa hakuna atakayebadilisha hata nukta.

Alinifundisha kwa mikono. Asubuhi alinifunga macho kwa leso yake, akaniwekea mkuki mapajani na kusema, "Sema." Nami nikapapasa. Wa Karamoja ni mwembamba, una jani dogo la chuma na shingo ndefu, na mwisho wa mti umevishwa chuma kingine. Jani la huku kwetu Busoga ni pana, linajaza kiganja. Chuma cha zamani, kilichoyeyushwa kwa udongo na mkaa, kina vipele chini ya kidole. Chuma cha springi za lori ni laini, hakina siri. Alama za kamba, jasho la mkono uliokwisha kufa, mafuta ya ng'ombe kwenye ngozi, vyote alivisoma. Saa saba tulikula juu ya kreti, yeye upande huu na mimi upande ule, posho, yaani ugali, na maharage katika sufuria moja, na Ijumaa dagaa wa ziwani kwa viazi vitamu. Mwezi wa pili nikajitia ujuzi, nikaandika kadi ya kwanza peke yangu: "Rungu la vita, la kuvunjia vichwa." Lilikuwa na mistari iliyochongwa kulizunguka, nikadhani ni ya kuongeza maumivu. Bwana Isabirye alisoma, akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko. Kumbe ni nyundo ya kupondea gome la mti mpaka liwe nguo. "Bibi yako alivaa kazi ya hiyo lungu," alisema, na kwa wiki nzima hakuna mgeni aliyeingia ghalani asisimuliwe kisa kile, mimi nikiwa nimesimama pale pale.

Kitu kimoja tu hakikutupatanisha, nacho ni Kiswahili. Daftari la karani liliandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyosikilizana na tajiri wake. Mimi nilikisoma chuoni Bugembe kwa maalimu kutoka pwani ya Kenya, mtu aliyekuchapa vidole ukichanganya r na l. Bwana Isabirye alikijua kile cha vizuizini. Miaka ya utawala wa jeshi alilazwa kifudifudi barabarani, mbele ya wanafunzi wake, na kila amri aliyopewa ilikuwa kwa Kiswahili. "Hiyo ni luga ya bunduki, Sauda," alikuwa akiniambia. "Usiniretee hapa." Sikumlaumu, na leo ndiyo kabisa simlaumu. Lakini nilikasirika, maana daftari alilisoma mwenyewe, akaamua mwenyewe kila kitu kimetoka wapi, na kazi yangu ikawa kunakili uamuzi wake kwa mwandiko mzuri. Nilijua ninakisoma Kiswahili kuliko yeye. Msichana wa miaka ishirini na miwili akijua kitu kuliko mkubwa wake, chakula hakimshuki.

Mwezi wa tano wakaja wanawake wawili kutoka Mbale. Mkubwa alikuwa Mama Nandudu, Mgisu wa karibu miaka themanini, mfupi, ndani ya gomesi ya njano iliyopigwa pasi kweli kweli. Mwingine alikuwa bintiye, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeandikwa Rose kwenye kila karatasi na kuitwa Loza na kila mtu, na yeye mwenyewe akiwamo. Walitaka kuuona mkuki namba arobaini na moja. Loza ndiye aliyeeleza. Baba yake, Tenywa, alikuwa mhunzi, Msoga wa Buwenge aliyefuata kazi Mbale, akamwoa mama yake huko na kuishi naye Nkoma hadi kufa. Akachukuliwa akazikwa kwao Buwenge. Siku ya mazishi ndugu zake walimwambia mjane kwamba hawajui mahari yoyote iliyotolewa, kwa hiyo yeye hakuwa mke, alikuwa mwanamke wa njiani tu, na wakamwondoa penye kaburi akiwa amevaa kilemba cha msiba. Tangu hapo, miaka ishirini, alikuwa akiomba jambo moja: akifa alazwe kando ya mume wake. Mkuu wa ukoo, Mzee Balikowa, mtoto wa ndugu yake Tenywa, alimjibu alete ushahidi wa mahari. Ng'ombe walikwisha kuliwa, mashahidi walikwisha kufa. Ulibaki mkuki, ambao Tenywa aliufua kwa mkono wake akautoa pamoja na ng'ombe, na ambao babake Mama Nandudu, mwaka wa njaa, alimwuzia mnunuzi wa kahawa.

Nilikwenda kuuleta. Mama Nandudu hakujua Kisoga, kwa kuwa yeye na mumewe waliongea Kiswahili siku zote nyumbani kwao. Na Bwana Isabirye hakujua Kigisu. Ikabidi ile lugha ya bunduki itumike. Mama aliushika mkuki kwa mikono miwili, akaunusa pale chuma kinapokutana na mti.

"Hii ni mahali yangu," alisema.

"Ndiyo, mama," Bwana Isabirye akajibu. "Kitabu pia inasema hivyo. Mahali yako ni Nkoma."

"Eh. Nkoma. Baba yangu alipokea."

"Sasa tunabishana nini? Mkuki ni ya Nkoma, wewe ni ya Nkoma. Ni kazi ya Bagisu."

"Hapana, bwana. Ilitoka Buwenge. Ni mahali yangu."

"Mama, mahali haiwezi kuwa mbiri."

Akafungua daftari akawasomea kwa kidole: "Mkuki mmoja, mahali ya Nkoma, Tenywa." Kwake maana ilikuwa nyeupe: mkuki umetengenezwa Nkoma na umeuzwa na mtu aitwaye Tenywa. Na ubaya ulikuwa umekwisha kutendeka, kwa sababu mwezi uliotangulia Mzee Balikowa alituma mtu kuuliza, na Bwana Isabirye akamjibu kwa barua yenye muhuri wa chama, akiunukuu mstari huo, kwamba mkuki huo si wa Buwenge, ni wa Wagisu wa Nkoma. Balikowa akaizungusha barua hiyo Buwenge nzima. "Sasa wanasema mimi naongopa," Mama Nandudu alisema, bila kupandisha sauti. Alipoinuka kuondoka alinirudishia mkuki mimi, si Bwana Isabirye. "Mimi sitaki mkuki. Kaeni nayo. Nataka mtu aandike kweli." Nami nilikuwa nimesimama pale na penseli sikioni, nimelisikia neno lile tena na tena, na sikulisikia. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana masikio yale yalichapiwa vidole.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, nilirudi kutoka msikitini nikakuta mezani kijikaratasi kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Kwa kuwa kilihusu mgeni wa Kenya aliyetaka kupitia ghala, alikuwa amejilazimisha kuandika kwa Kiswahili, ajizoeze kabla ya mgeni kufika. "Sauda, kesho uwe tayali saa mbiri. Fika mbere ya mgeni, na usisahau balua ya chama." Nilicheka peke yangu. Tayali, mbiri, mbere, balua. Kisha nikakisoma tena. Shuleni kwetu, tulipofundishwa kuandika lugha zetu, sheria ya herufi hizo ilikuwa moja na iliingizwa kwa kiboko: baada ya e na i andika r, kwingine kote andika l. Bwana Isabirye aliifundisha sheria hiyo maisha yake yote, na alipovuka kuingia kwenye Kiswahili alivuka nayo. Nikalivuta daftari la karani. Talehe. Safali. Ngao mbiri. Kabira. Baisikeri. Alikuwa amekaa kwenye madawati yale yale. Nilipitia ukurasa baada ya ukurasa na, ukiacha majina ya miji, hakuna r niliyoiona isipokuwa imetanguliwa na e au i. Mtu huyu angetaka kuandika mahari, angeandika nini? Angeandika mahali. Na Mama Nandudu alikuwa ametamka vile vile, mbele yetu, naye Bwana Isabirye akamjibu habari za ramani.

Nikatafuta zaidi. Kila alipotaka kusema kitu kimetoka sehemu fulani, karani aliandika "kutoka": ngao mbiri kutoka Kapchorwa, kisu cha tohara kutoka Bubulo. Mahali ilikuwamo mara moja tu katika daftari zima, kwenye mstari wa arobaini na moja. Mkuki mmoja, mahari ya Nkoma, Tenywa. Mkuki uliotolewa Nkoma na Tenywa kwa ajili ya mke. Nilijihisi mrefu kama mnara wa msikiti, nasema kweli. Kesho yake, mgeni alipoondoka, nikamweleza Bwana Isabirye yote, na hapo kwa pupa nikafanya kosa la kuanza na kijikaratasi chake. Alinisikiliza hadi mwisho uso umemkakamaa. "Kwa hiyo unasema mimi sijui kuandika," alisema. Nikasema sikusema hivyo. "Hiyo yote ni maneno, Sauda. Maneno inageuka. Mimi nataka chuma iseme." Akatoka kwenda kunywa chai peke yake. Nilimchukia siku nzima, lakini alikuwa na haki, na vijana wanaojifunza kwangu sasa nawaambia vile vile: daftari linaweza kukuonyesha njia, ila kadi usiiandike mpaka kitu chenyewe kimekubali.

Jumapili iliyofuata nikaenda Mbale kwa nauli yangu. Loza na mama yake walikaa Nkoma katika nyumba ya vyumba viwili, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda tatu za miaka iliyopita ukutani kwa ajili ya picha zake, na dirishani mlima Wanale umejaa kioo kizima. Walinipikia malewa, yale machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa mchuzi mzito wa karanga, na ndizi pembeni. Wakati yakiiva nilikaa sebuleni nikiwasikiliza mama na binti jikoni wakiongea Kigisu. Sikuelewa ila jina la Tenywa, na kila lilipotajwa bibi alicheka kicheko kidogo cha puani. Nilikuwa bado sijaolewa, na nilikaa pale nikitamani kwamba na mimi nikifika miaka themanini kuwe na jina la kunichekesha hivyo. Tulipokaa kula, nilimwuliza Mama Nandudu mumewe alifuaje chuma. Hakunijibu kwa mdomo. Aliinua upawa kwenye sufuria, akauzungusha hewani akaupigisha juu ya goti, to, to, to, mchuzi ukaruka hadi kwenye kitambaa cha kochi. Loza akalalamika. Mimi niliacha kutafuna, kwa sababu upawa ulikuwa katika mkono wa kushoto.

"Mama, wewe ni wa kushoto?" nikamwuliza.

"Mimi? Hapana. Yeye. Alikuwa anapiga na hii." Akaunyanyua mkono. "Mafundi wengine walimcheka sana. Mimi nikasema, huyu ndiye nataka."

Nilimaliza sahani yangu kwa adabu, ila moyo ulikuwa umekwisha kufika Jinja. Sehemu ya mkuki inayomeza mti, sisi huiita koo, ni bamba la chuma lililokunjwa mpaka mdomo mmoja ukalalia mwingine. Mhunzi wa kulia hushika koleo kwa kushoto na kupiga kwa kulia, na mdomo unaolala juu ni ule wa upande mmoja daima. Wa kushoto hupiga kinyume, na chuma kinalalia upande wa pili. Asubuhi ya Jumatatu, kabla ghala halijafunguliwa rasmi, niliishusha mikuki yote kutoka ukutani, mmoja mmoja, nikaipapasa koo. Yote ililalia upande mmoja. Namba arobaini na moja, peke yake, ilikataa. Nilifurahi, nikakaa sakafuni katikati ya mikuki ile, na ndivyo Bwana Isabirye alivyonikuta. Niliomba leso yake, nikamfunga yeye macho, nikamwekea mapajani mkuki wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne ukawa ule.

Vidole vyake vilipita kwenye koo, vikasimama, vikarudi. "Huyu fundi alikuwa wa kushoto," alisema polepole. Nikamwambia habari za upawa. "Mtu wa kushoto, sawa," akasema. "Kama ni Tenywa, tutajua kwa kazi yake ingine. Fundi haachi kitu kimoja duniani." Kisha akaivua leso, akauliza kama bado ninacho kile kijikaratasi. Nilikuwa nacho. Akakiweka mezani akaniamuru niandike chini yake jinsi ilivyotakiwa kuwa, nami nikaandika: tayari, mbili, mbele, barua. Akalinganisha mstari kwa mstari na kuwaza, nadhani, watoto wote aliowachapa. Sijui kama aliona aibu au aliona kichekesho. Aliniuliza tu, "Buwenge siku ya soko ni lini?" Hapo nikajua amekwisha kuwa wangu.

Tulikwenda siku isiyo ya soko, ili Mzee Balikowa awe nyumbani. Mama Nandudu na Loza walifika kutoka Mbale siku moja kabla wakalala kwetu Bugembe, na asubuhi tukapanda pikapu ya chama, mkuki umeviringishwa ndani ya mkeka. Kabla ya Buwenge kulikuwa na kizuizi. Afande mmoja mrefu aliona ncha ya mkeka, akaufunua, akamwangalia Bwana Isabirye, na Bwana Isabirye, mtu aliyetutetemesha sote, akaganda, mikono juu ya usukani, midomo imekauka. "Hii nini, mzee?" afande akauliza kwa Kiswahili. Mama Nandudu ndiye aliyejibu kutoka nyuma: "Ni mahali yangu, afande." Afande akakunja uso. "Mahali yako iko wapi?" Nikaingilia kati. "Mahari, afande. Mahari ya ndoa. Inakwenda kwa wakwe." Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaachia kicheko. "Miaka yake hii, mahari bado inatembea? Piteni, mama. Wasalimie wakwe." Tulipokwisha kupita, Bwana Isabirye alianza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akaegesha gari pembeni ya barabara. Sikuwahi kumwona akicheka kwa maneno ya Kiswahili kabla ya siku ile.

Mzee Balikowa alikuwa na mashine ya kusaga, na nyumba yake nyuma ya mashine ilikuwa nyeupe kwa unga mpaka kwenye kizingiti. Alitupokea vizuri, lakini Mama Nandudu alionyeshwa benchi la nje. Bwana Isabirye alikataa kuketi ndani mpaka mama aingie, na akaingia. Watu wa ukoo walikuwa wamejaa sebuleni, kama kumi hivi, kwa kuwa habari ilitangulia. Balikowa alikwisha kuiweka barua mezani, muhuri juu. Bwana Isabirye hata hakuitazama. Alitazama juu ya mlango, ambako palikuwa na mkuki umetundikwa, akausifia. Jani lake, urefu wake, mng'aro wake. Kazi ya nani hii? Balikowa akavimba kichwa. "Hiyo ni ya fundi wetu Tenywa. Aliacha hii kwa baba yangu. Ukoo yote haijapata fundi mwingine." Una hakika ni mkono wa Tenywa? "Mimi nilikuwa mtoto, nilivuta mivukuto yake. Muulize mtu yeyote hapa." Wakaitikia wote kwamba ni kweli. Hapo Bwana Isabirye akaomba ushushwe, akaniambia, "Sauda, fungua mkeka." Mikuki miwili ikalazwa sakafuni ubavu kwa ubavu, koo kwa koo. Nilieleza habari za mkono wa kushoto kwa Kiswahili kisha kwa Kisoga, nikawaita waje wapapase wenyewe. Walikuja mmoja mmoja, wazee wakipiga magoti kwa taabu, na kila aliyeinuka alimpisha anayefuata.

Balikowa hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Sawa, alitengeneza yeye," alisema. "Lakini fundi anauza. Aliuza kwa Bagisu, wakamlipa. Kitabu chenu kinasema mahali ya Nkoma. Hakisemi mahari." Matamshi yake hayakutofautisha maneno hayo mawili hata chembe, ila alijua anachosema. Nilifungua mdomo, na Bwana Isabirye akanigusa mkono ninyamaze. Alitoa kalamu mfukoni na ukurasa mtupu, akamsogezea. "Mzee, nisaidie. Niandikie hapa lile neno la vitu vinavyotolewa kwa ajili ya mke. Kwa Kiswahili."

Balikowa alikuwa mtu wa karatasi, amewahi kuwa mwenyekiti wa mambo mengi, na kalamu hakuiogopa. Akaandika kwa herufi kubwa, akageuza ukurasa watu waone. MAHALI.

Nimeshuhudia mengi katika kazi hii. Nimeona vitu vikirudi kwa wenyewe kutoka nchi za mbali, nimepigiwa makofi kwenye kumbi zenye zulia. Hakuna kilichofikia dakika ile. Bwana Isabirye aliliweka daftari la karani kando ya ukurasa wa Balikowa, neno kwa neno, akasema kwa Kiswahili chake kile kile, taratibu, ili Mama Nandudu aelewe kila kitu: "Mzee, tumesoma shule moja, wewe, mimi na karani. Mimi pia naandika hivyo hivyo. Balua niriyokutumia ina kosa, na kosa ni yangu." Akaichukua barua ile yenye muhuri, akaandika juu yake kwa wino mwekundu wa kusahihishia madaftari, akatia sahihi: mkuki umefuliwa na Tenywa wa Buwenge na kutolewa mahari Nkoma kwa ajili ya Nandudu. Kwenye neno mahari alisita, akanigeukia mimi, mbele ya watu wote. "R?" aliniuliza. "R, bwana," nikamwambia. Mwanamke mmoja wa ukoo akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata mpaka unga ukaanguka darini. Loza alilia. Mimi nililia. Mama Nandudu alikuwa akifunga vizuri mkanda wa gomesi yake.

Balikowa alisimama, na kwa haki yake niseme, aliposimama alisimama kama mtu mzima. Akamwita "mama" kwa mara ya kwanza. Akamwongoza nje, nyuma ya nyumba, kupita migomba hadi penye kaburi la Tenywa, sisi sote nyuma yao. Pembeni palikuwa na nafasi iliyoota magugu. Akaanza kupima kwa hatua, moja, mbili, tatu, kutoka kaburini kuelekea kwenye uzio, akimwonyesha mjane wa baba yake mkubwa atakapolazwa, na kijana mmoja akatumwa alete vijiti vya kuweka alama. Mama Nandudu alimtazama akipima. Aliweka kiganja juu ya saruji ya kaburi, akakaa hivyo kidogo, akasema kitu kwa mumewe ambacho hatukukisikia. Kisha akamgeukia Balikowa.

"Acha kupima," alimwambia. "Sasa najua nitalala hapa, sina haraka. Nani anapika katika nyumba hii? Mimi nina njaa."